Cheni ya Bei Rahisi hadi Ainabkoi

Vijana wanaoanza kazi ya bodaboda hupenda kuniuliza swali moja tukiwa tumeketi kwenye steji tukingoja abiria: spea za bei rahisi zinafaa, ama ni kutupa pesa? Sehemu kubwa ya swali hilo naijibu bila kufikiri. Kioo cha pembeni, nunua cha bei rahisi, kwa sababu hata kile kizuri kitavunjwa na mkokoteni wiki hiyo hiyo. Kifuniko cha kiti, madigadi, taa za kuonyesha unakokata, nunua rahisi ulale. Breki na tairi usicheze nazo. Ikifika kwenye cheni huwa nawasimulia siku niliyompeleka dada yangu shule.

Tulizaliwa watatu na mimi ndiye mkubwa. Baba alitangulia, mama akafuata nikiwa kidato cha pili. Nilirudisha vitabu vya shule, nikaanza kuosha pikipiki za watu, baadaye nikaendesha za watu, na mwishowe nikapata yangu, ambayo ilikuwa imeshazeeka mikononi mwa wengine. Sisemi haya ili nionewe huruma. Katika kile chumba chetu karibu na mtaa wa West Indies mjini tulicheka kuliko majirani wengi waliokuwa na wazazi wawili.

Ndugu yangu wa pili alikuwa tayari shule ya bweni. Sasa dada, kitinda mimba wetu, alikuwa amepata nafasi katika shule ya wasichana huko mbele ya Ainabkoi. Barua ya shule ilitaja siku ya mwisho ya kuripoti na ikasema lango litafungwa saa kumi jioni. Ambaye hajafika, nafasi yake angepewa mwingine. Sisi tulikuwa watu wa siku ya mwisho, kwa sababu orodha ya vitu vya kununua ilikuwa na tabia ya kurefuka. Kila tukidhani tumemaliza, dada alikuwa akiisoma tena na kusema, "Bado fyekeo."

Niliamua kumpeleka kwa pikipiki. Matatu ingetuacha barabarani na sanduku la bati, godoro na ndoo, na kutoka hapo hadi shuleni ni mbali. Isitoshe, nilitaka kumpeleka mwenyewe. Tatizo lilikuwa cheni. Ilikuwa imelegea hadi fundi alikuwa ameikata mara mbili, kila mara akitoa pete ili iendelee kushika. Sikuwa na imani kwamba ingebeba mzigo ule kwenye vilima. Kwa hiyo asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, niliingia katika duka la spea lenye kaunta ya kioo na nikaitisha cheni orijino. Nilipewa boksi safi, limefungwa kwa karatasi ya nailoni. Nililibeba kwa mikono miwili kama keki.

Fundi wetu hufanyia kazi chini ya mabati kando ya steji. Alifungua pikipiki, akatupa cheni ya zamani kando, kisha akapasua boksi. Akatazama ndani ya kifuniko kwa muda.

"Boss," akaniambia, "hii boksi imeenda shule kukushinda."

"Vipi?"

"Imejaa hesabu."

Dada alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, amevaa sare mpya, akijihadhari asiguse kitu. Alinyoosha mkono. "Leta nione."

Alipoona aliinua kichwa akaniangalia, na sikuweza kujua kama anataka kucheka au kulia. "Bro, hii ni hesabu yangu. Na hapa nilikosea. Nilisahau kubeba mbili."

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiokota maboksi ya spea sakafuni kwa fundi na kuyapeleka nyumbani, kwa sababu upande wa ndani ni mweupe na laini, na dada alimaliza madaftari haraka kuliko nilivyoweza kuyanunua. Alifanya hesabu humo hadi yakajaa. Kisha akatokea mtu mpole aliyezunguka steji akiomba maboksi yaliyo katika hali nzuri. Alikuwa akitoa kitu kidogo, lakini mimi nilimpa rundo zima bure. Nilidhani anaotesha miche ya miti. Hata nilimsifu kwa kutunza mazingira.

Fundi alicheka hadi akashika mlingoti wa mabati. "Kwa hivyo wewe ndiye unawapatia watu wa feki maboksi. Na leo wamekurudishia."

"Na hiyo cheni iliyo ndani?"

Aliishika, akaizungusha kidogo, akanusa mafuta yake. "Hii haijawahi kuona kiwanda cha hiyo boksi. Mimi siifungi. Ikikatika na mtoto yuko nyuma, utasema ni mimi."

Cheni ya zamani ilikuwa imeshatolewa, kwa hivyo mwenzangu wa steji alitubeba hadi mjini, mimi na dada na boksi. Kijana wa kaunta alikuwa na kalamu sikioni. Alisikiliza nusu ya maneno yangu tu.

"Boksi likifunguliwa halirudi. Soma risiti."

"Sisemi limefunguliwa. Nasema lilikuwa limeshafunguliwa kabla."

"Na wewe unajuaje?"

Dada akaweka kifuniko juu ya kaunta. "Kwa sababu hii imetoka nyumbani kwetu. Nipe kalamu yako nikuandikie hiyo hesabu tena, uone kama mwandiko ni mmoja. Safari hii nitabeba mbili."

Kulikuwa na mwanamume mnene aliyekuwa akilipia klachi. Alisukuma boksi lake polepole kurudi kwa kijana. "Hebu fungua langu kwanza tuone nani ameandika." Mwingine nyuma yake akasema yeye atafurahi akipata la Sayansi. Kijana alitutazama, akatazama watu, kisha pesa zetu zikarudi haraka kuliko zilivyotoka. Sikumuuliza maboksi mengine yako wapi. Ilikuwa saa tano na nusu na mimi sikuwa na cheni.

Pale nje nilisimama nisijue niende wapi. Nikiingia duka lingine lenye kaunta ya kioo, nitaamini boksi gani? Yule mwenzangu wa steji ndiye aliyesema twende kwa Mama mmoja anayeuza spea kwenye kibanda cha mbao, zimetundikwa kwenye waya kama nyama, hakuna boksi hata moja. Nilikuwa nimempita mara nyingi bila kusimama.

"Mama, uko na cheni orijino?"

"Sina," akasema.

Nilishangaa kidogo. Katika biashara hii nilikuwa sijasikia neno hilo. Yeye akaendelea kupanga nati zake. "Niko na za bei rahisi. Hazina jina. Unabeba nini?"

"Sanduku, godoro, ndoo na huyu."

"Mpaka wapi?"

"Mbele ya Ainabkoi. Kabla ya saa kumi."

Alishusha cheni tano. Alishika kila moja kwa ncha, akainyoosha ikiwa imelala kwa ubavu, akatazama jinsi inavyoinama. Ya kwanza ilipinda hadi chini. "Huu ni mkufu, si cheni," akasema na kuirudisha. Ya pili pia ilikuwa mkufu. Ya nne ilibaki imenyooka kiasi. "Hii. Na uchukue sproketi zake zenye meno mapya, usiifunge na zile kuukuu zako. Lakini nisikilize, kijana. Cheni ya bei hii siku ya kwanza hulegea. Usipande nayo kilima ikiwa imelegea. Simama uikaze, uende tena, simama uikaze. Ukiona uvivu wa kusimama, rudi kwa watu wa maboksi."

"Itakaa muda gani, Mama?"

"Miezi mitatu. Nikisema minne nitakuwa nakudanganya."

Fundi aliifunga pamoja na sproketi zake, na saa saba tulikuwa barabarani, godoro limefungwa nyuma likitusukuma mgongoni, sanduku likilia kila tukipita tuta. Dada alibeba spana mkononi kama simu. Tulisimama mara ya kwanza kabla ya kuacha lami. Nilibonyeza cheni kwa kidole. Ilikuwa imelegea kweli. Tukaikaza. Tulisimama tena penye mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na mara hiyo nilimwacha aikaze mwenyewe, mimi nikiangalia gurudumu lisikae upande. Alikuwa amejifunga leso juu ya sare.

Mara ya tatu nilichelewa. Tulikuwa kwenye kilima, saa nane na nusu, na nikajiambia tutasimama juu. Katikati ya kilima cheni ikaruka na kutoka. Haikukatika. Ilining'inia tu. Tulishusha kila kitu kwenye vumbi. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe kando ya barabara alikuja akaegemea fimbo yake.

"Chamgei," akatusalimu.

"Chamgei mising, Mzee," dada akajibu.

"Mnahama?"

"Hapana, Mzee. Naingia Fomu Wani."

Mzee akanitazama mimi. "Na huyu naye anaingia?"

"Yeye ni mzazi," dada akasema.

Mzee alicheka kimya kimya, akashika usukani ili pikipiki isianguke. Mimi nilizungusha gurudumu, dada akaelekeza cheni kwenye meno ya sproketi. "Polepole, bro," akasema, "vidole ni vyangu." Ilipoingia tuliikaza vizuri, lakini sikuthubutu kupanda na mzigo wote. Dada alibeba godoro kichwani akapanda kwa miguu, mimi nikapanda na sanduku, na Mzee akatufuata na ndoo, akituhakikishia kwamba shule ni hapo tu nyuma ya miti. Hapo tu ilichukua nusu saa nyingine kwa pikipiki.

Tulifika lango likiwa bado wazi. Ilibaki robo saa. Ndani, chini ya hema, mwalimu mmoja alikuwa na kitabu kikubwa na wazazi wachache wa mwisho. Dada alipoinama kutia sahihi, mwalimu aliona mikono yake.

"Hii ni nini?"

"Ni mafuta ya cheni, Mwalimu."

"Nani amekufundisha cheni?"

Akanionyesha kwa kidole. Mwalimu alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, na nikagundua kwamba nimevua helmeti na kuishika nyuma kwa mikono miwili, nimesimama wima. Sikuwa nimesimama mbele ya mwalimu wa sekondari tangu nirudishe vile vitabu. Mwalimu akamgeuzia dada kitabu. "Tia sahihi hapo. Kisha ukanawe, halafu nikuonyeshe bweni."

Alitia sahihi. Herufi zilitoka nyeusi pembeni, lakini jina lilisomeka, na nafasi ikawa yake. Alikokota sanduku bila kunisubiri. Alipofika kona alirudi mbio, nikadhani amesahau kuniaga.

"Kaza kabla hujateremka," akasema, akanipa spana, akaondoka tena.

Nilibaki hapo nikiangalia ile kona. Muda ulipofika askari wa lango alikuja akipiga makofi taratibu, akitutoa sote.

"Haya, wazazi. Wazazi wote tunatoka sasa, tunafunga lango."

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilivaa helmeti, nikatoka pamoja na wazazi wengine.