Kikapu Kilichorudi Kitupu

Kwetu ni mteremkoni, ng'ambo ya bonde, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Kasulu mjini. Maharage mapya hatuyaonji mpaka kikapu cha kwanza kipelekwe Nyumba Kubwa.

Nyumba Kubwa siku hizi ni duka la vyombo na mabati lenye ua kwa nyuma, mali ya familia ambayo wazee wake walitoka pwani wakapitia Ujiji. Zamani mteremko wetu wote ulikuwa shamba lao la kahawa. Bibi yake baba alililima akiwa mtumwa wao. Utumwa ulipokwisha wakamwambia yuko huru, wakamwachia kipande cha ardhi pembeni mwa kahawa, na msimu wa kuchuma ukifika alitakiwa aje achume kama kawaida. Niliwahi kumuuliza baba tofauti ya kabla na baada ilikuwa nini.

"Baada, jioni alirudi kulala kwake," alisema.

Sijawahi kujua kama alikuwa ananitania.

Kahawa ilikufa kabla sijazaliwa. Wenyewe wakabaki na duka, sisi tukabaki na kikapu. Kila mwaka baba alikipeleka uani, akakaa kwenye mkeka, na mama mwenye nyumba, tuliyemwita Bibi Mkubwa, akamimina maharage na kutia chumvi ya Uvinza mahali pake. Kikapu hakikurudi kitupu hata mara moja. Maana yake haikusemwa, ila kila mtu kwetu aliijua: kaeni, limeni. Jambo jingine lisilosemwa ni kwamba hatukujenga kwa tofali la kuchoma. Nyumba zetu ni miti na udongo, nyumba ambazo ukiambiwa ondoka huachi nyuma kitu cha kukuliza.

Nilimaliza chuo kikuu nikarudi nyumbani kungoja ajira. Nafundisha kwa kujitolea shule ya kata, na jioni naulizauliza. Kwa nini tunapeleka? Tusipopeleka watatufanya nini? Mama alikuwa akimenya muhogo na kunijibu bila kuinua macho: "Waulize na kuku, labda na wao wana mawazo."

Mwaka jana baba aliamua kujenga nyumba ya kudumu. Alikuwa ameanza kuchoka, na kila masika ukuta wa upande wa mama ulikuwa ukiporomoka. Mvua zilipopungua akafyatua matofali, akayapanga tanuri. Alikusudia kupeleka kikapu, angoje aulizwe habari za nyumbani, ndipo aseme. Kuomba moja kwa moja hakukuwa katika taratibu zake. Lakini Bibi Mkubwa alikuwa ameshafariki mwanzoni mwa mwaka, na duka lilikuwa mikononi mwa mwanawe wa mwisho, aliyekulia Dar es Salaam. Baba akasema mtoto wa nyumba anajua mambo ya nyumba.

Nilimsindikiza. Yule kijana alitupokea mlangoni, siyo uani.

"Shikamoo, mzee."

Baba alikawia kuitikia. Miaka yote yeye ndiye alikuwa akitoa shikamoo pale.

"Nimeleta maharage," alisema.

"Mungu akulipe. Watu mmetufariji sana tangu mama aondoke."

Akayamimina kwenye beseni, akamrudishia baba kikapu, akageukia mteja aliyekuwa anapimiwa misumari. Maskini, alidhani ni rambirambi. Nilitoka nje nikicheka. Baba alikuwa anatazama ndani ya kikapu.

Nyumbani ndipo nilipoelezwa. Enzi za babu, kikapu cha jirani yetu kilirudi kitupu. Hakuna aliyemfukuza. Alivuna mihogo yake, akafunga mizigo, akaondoka kabla ya kupanda. Basi baba akafunika tanuri lake kwa nyasi na hakulitaja tena. Juni ikapita, Julai ikapita. Nikimweleza kwamba yule kijana hajui lolote, ananijibu, "Mkono uliorudisha kikapu unajua." Septemba mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Kibondo. Tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa tope, na baba hakuwa na nguvu za kufyatua tena.

Nikaenda dukani peke yangu, nimejiandaa kugombana.

"Karibu, dada. Mzee hajambo? Kwani nyie mnakaa wapi?"

"Ng'ambo ya bonde."

"Aa. Huko nasikia wazee wetu walikuwa na shamba. Mimi hata mipaka siijui."

Mimi, ninayeuliza kila kitu, nilifunga mdomo. Nikanunua kiberiti nisichokihitaji, nikaondoka. Njia nzima nilitembea haraka kama mtu aliyeokota kitu cha thamani barabarani.

"Hajui," nilimwambia baba. "Hajui hata kama ardhi ni yao. Choma matofali."

"Nijenge kwa kumficha?"

"Unamficha nini? Aliyelima ni nani? Alilima bibi yako, akalima babu, ukalima wewe."

"Nikijenga hivyo nitakuwa mwizi."

"Na mvua ikinyesha," mama akadakia, "utakuwa mwizi wa matope."

Asubuhi baba alivaa koti lake la kanisani. Nilimfuata ili nimzuie, nikaishia kukaa naye kwenye benchi la dukani, nikimsikia akitoa yote: bibi yake, kahawa, kipande cha pembeni, tanuri. Alieleza taratibu, kama anayetoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Kijana alimwambia msaidizi wake ashughulikie wateja, akavuta kiti akakaa karibu yetu.

"Mzee, kwa hiyo ile ardhi ni ya nani?"

"Ndicho nilichokuja kukuuliza."

Alinitazama mimi, nadhani kutafuta msaada. Sikumpa.

"Nikisema ni yangu," alisema, "nitakuwa nimesema na kitu kingine juu ya bibi yako, na hicho sikitaki. Nenda kajenge, mzee. Mambo hayo yaliisha zamani."

Baba akamshukuru kwa mikono miwili, akiinama. Mimi nikasema twende kwa mwenyekiti wa kijiji, maneno hayo yakasemwe mbele ya mashahidi. Kijana akasema hana neno, hata leo. Baba akanikatiza: "Ameshasema. Unataka aapishwe?" Akanishika mkono kunitoa nje, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo.

Siku hiyohiyo majirani walikuja kusaidia. Tulikandika tanuri udongo, tukajaza kuni midomoni, na baba akaliwasha. Mama alipiga kigelegele kimoja, kifupi, kisha akaenda kupika. Watu walikuwa na furaha na mimi nilitaka kuwa nayo, ila nilikuwa nalizunguka tanuri bila kutulia, hadi baba akaniambia nikae chini, namtia kizunguzungu.

"Na kama angesema usijenge?" nilimuuliza.

Alikuwa anasukuma gogo ndani kwa mti. Alimaliza kwanza.

"Ningeliacha linyeshewe," alisema, na akaniomba nimsogezee kuni nyingine.