Kipa Aliyechaguliwa na Sauti ya Nne

Kama wewe ni mtu wa kusoma mistari miwili kisha kusema "huyu anatudanganya," achia hapo hapo, nenda ukamalize kemia yako. Mimi nimedanganya walimu wengi, na nitadanganya wengine kabla sijamaliza shule. Nimewahi kumwambia mwalimu wa zamu kwamba ng'ombe wetu alikula sare yangu. Nimemzika nyanya yangu zaidi ya mara moja ili nipate ruhusa ya kwenda nyumbani, na Cucu mwenyewe yuko hai, anatafuna nyama kwa meno yake. Lakini hili si la mwalimu. Hili lilinipata mimi, huku kwetu Kibugu, likizo ya Agosti, mchana, tumbo likiwa limeshiba. Muulize kaka yangu Njeru. Mshike mikono kwanza, halafu ndio umuulize.

Nianze na mchezo, maana bila mchezo hutaelewa tulijiingiza vipi.

Tulikuwa marafiki watatu wa bweni moja. Mutwiri ni wa Mitunguu; baba yake analima ndizi za kumwagilia na ana simu sebuleni. Kirimi ni wa Kianjai. Shangazi yake anauza misumari na mabati, na simu iko pale kwenye kaunta. Mimi ni mtoto wa mama anayefagia ofisi ya kiwanda cha majani chai. Simu ya ofisi haikuwa yangu, lakini Jumapili ufunguo ulikuwa unalala kwetu, nami ni mtu mwenye huruma, siwezi kuona simu inakaa bila kazi.

Mchezo tuliuita Timu ya Waya. Kila mmoja anajichagulia wachezaji wake kutoka timu za kweli za ligi ya upande wetu wa mlima: vijana wa kiwanda chetu, wakulima wa ndizi wa Mitunguu, watu wa soko la Kianjai. Mnachagua kwa zamu. Ukishamtaja mtu ni wako, mwingine hamgusi. Mechi zikichezwa, kila mmoja anatazama za kwao kisha tunapigiana simu. Mtu wako akifunga unapata alama, kipa wako akifungwa unapoteza. Hakuna jasho, hakuna matope, hakuna kocha wa kukutukana. Ulinifaa sana, kwa sababu mimi na mpira wenyewe hatujawahi kuelewana. Shuleni kocha alinipa kazi ya kubeba maji ya wachezaji, akaninyang'anya kazi hiyo siku ile ile, kwa vile nilijikwaa kwenye mstari wa chaki nikayamwaga yote. Hilo liweke akilini.

Utauliza, watu watatu kwenye laini moja? Ndiyo. Dada yake Mutwiri, Kendi, alikuwa opareta wa simu Meru mjini, na Jumapili mchana nani anapiga simu? Alikuwa anachomeka nyaya zetu pamoja pale kwenye ubao wake, tunasikizana kama tumeketi kitanda kimoja.

Sheria zilitungwa na Mutwiri, ambaye atakuwa wakili Mungu akipenda na majirani wakivumilia. Huruhusiwi kumchagua ndugu yako, usije ukamwongezea alama za uongo. Mchezaji anatajwa kwa jina lake na la baba yake, kwa sababu kwetu kila mtoto anarithi jina la babu, na ukiita "Njeru" peke yake kijiji kizima kinaitika. Kubadilishana ni mtu kwa mtu, na mwenyewe akubali. Na unaweza kuweka mchezaji wa akiba, ambaye hafanyi kitu hadi umwite aingie.

Cucu alinikuta jikoni nikiyafanyia mazoezi hayo majina. Nilikuwa nimepanga vifuniko vya soda mezani, kila kifuniko mtu. Akaniuliza kama ninahesabu watu. Nikamwambia hapana, ninahesabu wachezaji. Akasema hata mbuzi hawahesabiwi kwa sauti, sembuse mtu na jina la baba yake; anayehesabu hivyo anamfanyia kazi yule asiyeonekana. Nikamwuliza kama mwalimu anayeita majina kila asubuhi naye ameajiriwa na huyo asiyeonekana. Akanipa sufuria nioshe. Mijadala ya kwetu huishia hapo.

Jumapili ikafika. Mwezi wa Agosti ukungu hutoka msituni ukakaa juu ya chai kama mgeni asiyejua kuaga. Dirisha la ofisi linatazama uwanja wa mpira wa kiwanda. Siku hiyo goli la karibu nililiona, la mbali lilikuwa limemezwa. Kendi akatuunganisha, tukaanza kuchagua na kutukanana vizuri. Kirimi aliniambia mabeki niliowachagua wanafaa kuvutwa kwa mkokoteni. Nikamwambia mkokoteni nimeuchagua pia, unacheza namba tisa.

Basi tukiwa kwenye hicho kicheko, sauti ya mtu mzima ikasema polepole, "Na mimi nachagua."

Tulidhani ni mtu wa kazini kwa Kendi. Kirimi akamkaribisha, akamwonya kwamba hapa hakuna heshima ya mvi. Mzee akataja majina matatu, kila moja na la baba. Hatukumjua hata mmoja. Mutwiri akaanza kulalamika kwamba hao hawako kwenye ligi, na ni mimi, mimi na huu mdomo wangu, niliyesema, "Mwache mzee achague mizimu yake, haina alama."

Zamu ikazunguka. Mzee akasema, "Gitonga wa M'Arimi."

Huyo tulimjua wote. Winga wa Mitunguu, mbio kama mbwa aliyeiba nyama. Kirimi alikasirika, alikuwa anamtaka. Kisha laini ikakatika.

Wiki hiyo haikuisha kabla Mutwiri hajanitafuta kupitia kwa karani wa ofisi ya kiwanda. Gitonga amekufa. Alikwenda kufungulia ndizi zake maji asubuhi, wakamkuta ameketi kando ya mfereji, baridi, hana jeraha, viatu vya mpira vya shamba miguuni. Kirimi naye alikuwa amemuuliza shangazi yake yale majina matatu. Moja alilijua: beki wa Kianjai aliyezikwa yeye shangazi akiwa msichana. Na Kendi akaapa mbele ya mama yake kwamba alichomeka nyaya tatu tu.

Tukakubaliana mchezo umekwisha. Kirimi alianza hata kwenda kwaya, ukijua sauti ya Kirimi utaelewa tulivyoogopa. Jumapili iliyofuata sikuukaribia ule ufunguo.

Lakini Jumatatu mama alirudi kutoka kazini akiwa na furaha. Alikuwa anafagia, simu ikalia, akaichukua kwa kuwa karani hajafika. Mzee fulani mwenye adabu sana. "Amesema nikwambie amemchukua Njeru wa Nyaga, yule kipa," mama akasema, huku anakata sukuma wiki. "Kumbe kuna timu kubwa inamtafuta kaka yako, na mmenificha."

Niamini, sikuwahi kuona mtu akileta habari mbaya kwa tabasamu kama lile. Njeru wa Nyaga ni kaka yangu. Sheria ilinikataza kumchagua, na wale wenzangu hawakuwahi kufika kwenye makipa. Aliachwa wazi.

Jioni ile Njeru alisema vidole vimekufa ganzi. Asubuhi baridi ilikuwa imefika kwenye viwiko. Alilala chali, mikono ameinyoosha mbele kama anangoja kona ipigwe. Kule zahanati walitafuta malaria wakaikosa, wakampa vidonge vyeupe. Mchungaji akaja akaomba, akanywa chai, akaomba tena. Unajua kilichonitisha zaidi? Cucu hakuniambia "nilikuonya." Aliketi tu kando ya kitanda, ameifunika ile mikono kwa khanga yake.

Hapo ndipo nilipokasirika. Watu hudhani mimi sikasiriki kwa sababu ninacheka. Nilikasirika vibaya. Nikaenda ofisini saa ya chakula, karani alipotoka, nikaingia nikainua mkono wa simu. Hapakuwa na mlio. Hapakuwa na opareta. Kulikuwa na kimya kama cha ndani ya tangi la maji.

"Nilikuwa nakungoja," mzee akasema.

Nikatazama dirishani. Sijui nilitazama kwa nini. Kwenye uwanja, ndani ya ukungu, walikuwa wamesimama watu. Wamenipa mgongo, kila mmoja mahali pake, jezi zao zimelowa. Mmoja pembeni alikuwa na viatu vya mpira, vya shamba. Sikuwahesabu, akili nilikuwa nimeshapata. Ila sikuhitaji kuhesabu ili kuona kwamba golini hapakuwa na mtu.

"Mzee, nimefuata kipa wangu."

"Si wako. Ndugu hachaguliwi. Hiyo ni sheria yenu."

Mdomo wangu haujawahi kungoja ruhusa ya mtu. Nikamwambia kama anajua sheria basi azijue zote. Kubadilishana ni mtu kwa mtu.

"Unanipa nani?"

Sitakuficha, mtu wa kwanza kunijia kichwani alikuwa mwalimu wa hesabu. Jina la baba yake pia nililijua. Lilifika ulimini. Halafu nikamwona mke wake akimfunika mikono kwa khanga, nikalimeza.

Nikataja jina langu, na la baba yangu.

Kule uwanjani vichwa viligeuka kidogo, kama ng'ombe wanaposikia mlango wa zizi. "Nimekubali," mzee akasema, haraka, mtu aliyeona bei nzuri.

"Na mimi mwenyewe nimekubali. Lakini ninakuja kama akiba. Mchezaji wa akiba haingii hadi aitwe."

"Basi nitakuita leo."

"Niite," nikamwambia. "Utakuwa kocha wa kwanza kufanya hivyo tangu nizaliwe. Mzee, mimi nilifukuzwa kwenye kubeba maji. Nikipiga penalti, anayejificha ni refa. Umehangaika miaka yote kukusanya watu wanaojua mpira, halafu uwaharibie na mimi? Haya, niweke namba sita. Tuone watakuimbia nini."

Kwa mara ya kwanza nikamsikia anapumua, kama mtu aliyemleta ng'ombe nyumbani kutoka mnadani, akainama kukamua, akakuta chuchu moja.

"Utajifunza," akasema mwishowe. "Kila kijana hujifunza. Siku utakayoujua mpira, nitakuita."

"Basi tafuta kiti, mzee. Utangoja sana."

Nikairudisha simu mahali pake. Nje palikuwa na uwanja, ukungu na goli bovu. Nilikimbia hadi nyumbani, nikajikwaa njiani, nikaanguka, na niliposimama nilicheka peke yangu kama mwehu kwa sababu hata kukimbia sikujui. Njeru alikuwa ameketi anadai uji.

Alipona yote isipokuwa mikono. Hadi leo ni baridi kama bati la asubuhi. Bado anadakia kiwanda, na washambuliaji hawapendi kumsalimia kabla ya mechi. Mama bado anauliza ile timu kubwa iliishia wapi.

Mimi? Mimi niko kwenye benchi la watu ambao hutaki kukutana nao. Na usifikiri ni jambo la kusahaulika. Muhula uliopita, kipindi cha michezo, mpira ulinijia nikiwa ninafikiria mandazi. Niliupiga ili unitoke tu. Ukapaa, ukapinda, ukaingia kwenye kona ya juu ya goli, bao ambalo Kirimi analisimulia hadi sasa. Wenzangu walinirukia. Katikati ya kelele nikasikia filimbi, ndefu, upande wa uzio ambako hakukuwa na refa, na vidole vyangu vikaanza kufa ganzi, cha kwanza, cha pili.

Unajua nilifanya nini? Mpira ulipoanzishwa tena nilimnyang'anya mwenzangu wa timu yangu, nikaukimbiza hadi golini kwetu, nikamfunga kipa wetu mwenyewe. Kisha nikaanguka kwenye wavu nikanasa. Kocha alinichapa. Kila kiboko nilikipokea kwa shukrani, na vidole vikarudi na moto wake.

Tangu siku hiyo kocha amekataa kunikatia tamaa. Anasema nina kipaji kilichofichika, atakichimbua. Achimbue. Nimekataa kufundishwa, nitaendelea kukataa, na nikifika uzee wa Cucu nitakuwa bado ninapiga mpira kwa ugoko. Kuna anayeamini kila kijana hujifunza. Nitamwonyesha kijana.

Nawe unayekaa na wenzako mkichagua timu za hewani, iwe kwa simu au kwa chochote watakachokileta kesho, hesabu sauti kabla hujaanza kutaja watu. Ikizidi moja kuliko idadi yenu, usiulize ni ya nani, usiikaribishe, usiifanyie mzaha. Na usimwache mtu wako wazi kwa sababu ya sheria ya Mutwiri.

Na siku ukinikuta uwanjani, mpira unanijia, tafadhali usiniambie nipige vizuri. Cheka. Cheka kwa sauti kubwa, hadi kule kwenye uzio wasikie.