Jiwe la Kilimia

Utoto wangu niliuishi Makindye, kwenye mteremko ambako nyota zilikuwa na mawe yao. Jirani yetu, Baba Bisimwa, mchonga mawe aliyehamia kutoka mashariki ya Kongo, alikuwa amesimamisha uani mwake majabali matatu marefu kuliko mtu mzima, yaliyotoka machimbo ya Muyenga, na kila moja alikuwa amelipa jina la nyota. Kubwa kuliko yote liliitwa Kilimia. Alilitoboa tundu usawa wa kifua, akalielekeza upande ambako kundi lile la nyota huchomoza, na akatufundisha imani ya kwao: anayeweka kiganja juu ya jiwe kabla ya kuondoka hapotei, madhali jiwe halijaacha kuitazama nyota yake.

Baba yangu, sajini wa polisi na mtu wa kaskazini, aliicheka imani hiyo, lakini kiganja alikiweka kila alipokwenda zamu. Katika utawala ule wa kijeshi, watu wa kwetu walikuwa wakiitwa kazini na wasionekane tena. Jioni moja ya mwezi wa Mei hakurudi. Bibi, aliyekuwa akinilea, hakulia mbele yangu. Alisema Kilimia nacho kimefichwa na jua, kama kifanyavyo kila mwaka. Kikichomoza tena alfajiri, Baba naye atarudi. Sharti lilikuwa moja: jiwe lisisogezwe.

Nilikuwa mtoto wa hesabu. Nilichora alama za mkaa ukutani, nikachungulia tunduni kila kulipokaribia kupambazuka, nikikisia siku ambayo Kilimia kingelitangulia jua. Bisimwa, mwana wa pekee wa jirani yetu, kijana aliyefanya kazi ya utingo wa lori, alikuwa akinitania, "Profesa, nyota yako bado imelala?" Bibi naye hakuniacha. "Punguza kuhesabu, mjukuu wangu. Kilimia hakikusoma shuleni kwako."

Kisha Bisimwa naye akakamatwa kwenye kizuizi cha barabarani. Baba yake akaacha kugusa patasi. Bibi alimpelekea uji, wakaketi kando ya jiwe, wawili walionyang'anywa watu wao, na nikamsikia mchonga mawe akimwahidi Bibi kwamba akipata mlango wowote wa kubisha, atataja majina mawili.

Alfajiri moja nilikuta shimo pale jiwe liliposimama. Udongo ulikuwa umeburutwa hadi barabarani, na alama za magurudumu ya lori zilikuwa bado mbichi. Uani, Bisimwa alikuwa amekaa kwenye kigoda, midomo imevimba, akijitahidi kunywa uji. Hakuniita Profesa. Afisa mmoja alikuwa amelitamani jiwe kwa ajili ya bustani yake, na mchonga mawe alikuwa amelitoa ili arudishiwe mtoto.

"Mama," Baba Bisimwa alimwambia Bibi bila kumtazama, "nilitaja mawili. Walinipatia moja."

Bibi akamshukuru kwa kujaribu. Jioni ile alinituma nimpelekee kuku wetu wa mayai, ili Bisimwa apikiwe mchuzi. Nilikwenda nikiwa na hasira na jiwe, si na mtu. Siku chache baadaye Kilimia kilichomoza juu ya lile shimo, kama alama zangu za mkaa zilivyotabiri. Baba hakuja.

Nilisoma, nikafundisha hisabati hadi nikastaafu. Jiwe nililisamehe mapema. Nyota huchomoza kwa kanuni zake, na hakuna tundu linaloweza kuzizuia wala kuziharakisha. Lakini siku tulipomzika Baba Bisimwa, Bibi akiwa amekwisha kututoka, Bisimwa alinivuta kando. Alisema kwamba wakati wa makubaliano yale alikuwa amelazwa ndani ya lori lililokuja kuchukua jiwe, mikono imefungwa, na alisikia kila neno.

"Afisa aliuliza kama kuna mwingine," akasema. "Mzee alijibu, hapana."

Nimejaribu kulipima jibu hilo kwa haki. Huenda aliogopa kwamba jina la pili, jina la polisi wa kaskazini, lingelifuta lile la kwanza. Mimi pia nimekuwa baba; hofu hiyo naweza kuiingiza katika hesabu. Kinachokataa kuingia ni yule kuku. Mzee alimpokea kutoka mikononi mwangu, akampima uzito kidogo, akanituma nimshukuru Bibi.