Mvua Iliyoshuka Kwenye Foronya

Enzi zetu, wenzangu mliokwisha kula chumvi kiasi changu, mwanamke wa Kinole alijulikana kwa foronya zake. Mgeni akilala kwako, asubuhi alitoka nje na "Lala Salama" imejichapa shavuni, kuanzia sikioni hadi kidevuni, tena kinyumenyume. Kila nyumba ilikuwa na zake: "Karibu Mgeni", "Usiku Mwema", na ndege wawili waliogusana midomo, ndege wa aina ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona katika msitu wa Uluguru. Kwetu hazikuwepo hizo. Sisi tulilalia mvua.

Nieleze vizuri. Mama yangu, Zuhura, ambaye majirani walimwita Mama Mwajuma kwa ajili yangu mimi mtoto wake wa kwanza, alidarizi neno "mvua" kwa uzi wa bluu. Hakulidarizi kwenye mstari. Alilishusha kutoka juu kwenda chini, herufi moja chini ya nyingine, tena na tena, foronya nzima. Juu herufi zilikuwa chache na zimeachana. Kadiri zilivyoshuka zilisongamana, na kule kwenye pindo zilikuwa zimelundikana hata huwezi kutofautisha m na v. Ukiitazama kwa mbali uliona manyunyu, halafu mvua, halafu dimbwi.

Na mvua tulikuwa tunaijua. Nakumbuka tulivyokwenda shule na kuni kichwani, jani la mgomba juu ya kuni, na miguu mitupu ikishika utelezi kwa vidole. Njiani tulibandua gamba la mdalasini tukatafuna, tukafika mstarini midomo inanukia kama pilau, na mwalimu wa zamu akijua kabisa shamba la nani limeibiwa. Jioni tulicheza rede kwa mpira wa makaratasi ya nailoni, na kombolela kwenye migomba, hadi sauti ya mama mmoja ilipoita, na wengine wote wakatii kama wameitwa wao. Shelisheli lilichomwa kwenye majivu, likamenywa likiwa bado la moto, tukalila na chai ya mchaichai. Wanangu nikiwasimulia wananiuliza kama na sisi tulikuwa na wifi. Nawaambia ndiyo, wake za kaka zetu.

Mama hakusoma shule. Utotoni alikwenda chuoni, akasoma msahafu hadi akahitimu, lakini herufi za darasani hakuzijua mpaka ngumbaru ilipofika kijijini. Mnaikumbuka ngumbaru? Serikali ilitaka kila mtu mzima ajue kusoma na kuandika. Saa kumi alasiri sisi tulitoka, mama zetu wakaingia, wakakalia madawati yetu yaleyale, magoti yakigonga mbao. Na aliyewafundisha alikuwa Mwalimu Kobelo, huyohuyo aliyetufundisha sisi mwandiko asubuhi. Alikuwa mtu wa mistari. "Herufi ni askari," alituambia akipita na fimbo kati ya madawati. "Zisimame sawa, zitazame mbele, asiwepo wa kulegea."

Siku moja, nikichungulia dirishani na wenzangu, nilimwona Mwalimu Kobelo amesimama juu ya daftari la Mama. Alikuwa amewaambia waandike "Mvua inanyesha". Wengine waliandika, ikipinda kidogo hapa na pale. Mama alikuwa ameishusha kutoka juu ya ukurasa hadi chini.

"Mama Mwajuma," Mwalimu akauliza, "mstari huu umefanya nini?"

"Umelowa, Mwalimu."

Wanawake wakacheka hadi dawati moja likaanguka. Mwalimu hakucheka. Mama akasimama, kwa adabu zote, mikono ameishika mbele.

"Samahani, Mwalimu, nina swali. Chuoni maalim alitufundisha kuanzia kulia. Wewe unatuambia tuanzie kushoto. Nimekubali yote mawili. Sasa mvua inaanzia juu. Nikiianzisha kushoto, itafikaje chini?"

Mwalimu Kobelo akaitazama chaki yake. "Keti, Mama Mwajuma," alisema. Nadhani hiyo ndiyo siku mama yangu alipoanza kazi yake ya maisha, ingawa hakuna aliyejua, yeye mwenyewe wa kwanza.

Maana haikuishia kwenye kuandika. Mama alilipasua neno akalisikiliza. Jioni, mboga ikiwa jikoni, alitukalisha watoto wa pale jirani kwenye mkeka na kutugawia sauti. Yeye alianza na m peke yake, mdomo umefungwa, mmmm, kama wingu linapokaa juu ya mlima. Wavulana walishika vvvv, upepo unaopita kwenye migomba. Sisi wasichana tulikuwa u-a, u-a, u-a, kwanza pole, halafu upesi, na Mama akapiga ungo kwa ncha za vidole mpaka ukashindwa kujua ipi sauti ya mdomo na ipi ya mkono. Kisha akainua kiganja, tukanyamaza wote mara moja, na katika ule ukimya kila mtu alisikia matone ya mwisho yakidondoka kwenye majani, matone ambayo hayakuwepo.

Alikuwa pia na landrova ya midomo inayopanda kilima na mikungu ya ndizi, inayokohoa kwenye kona na kubadilisha gia huku abiria wote wakivuta pumzi. Alikuwa na ugomvi wa kuku wawili, ambao wanawake waliusikia wakataja majina ya majirani waliofanana nao.

Mimi nilipenda, hadi nilipofika darasa la nne. Hapo nilikuwa na mwandiko wa kwanza darasani, na wenzangu walijua pa kunichoma. "Mama yake Mwajuma hajui mstari," waliimba tukienda mtoni. "Mama yake Mwajuma anaandika kama mbuzi anavyotembea." Nilianza kuondoka mkekani jioni, nikidai nina kazi ya shule.

Ikatangazwa kwamba mkaguzi wa elimu atakuja kutoka mjini kuwapima wanangumbaru. Kila mmoja angesoma kitabuni, halafu aoneshe kitu alichoandika mwenyewe. Wengi waliandaa barua. Mama aliandaa foronya ile ya mvua. Alikuwa ameidarizi kwa miezi, akiitoa kwenye kikapu kila apatapo nafasi, hata shambani, wakati akingoja pilipili manga ikauke.

Siku mbili kabla ya mkaguzi, Mama alipeleka ndizi sokoni Morogoro. Nilibaki peke yangu na foronya. Nilichukua wembe wa Baba.

Sikukusudia ubaya. Nataka mniamini, ingawa mtu wa miaka hamsini na zaidi hana sababu ya kumtetea mtoto wa miaka kumi. Nilitaka Mama asichekwe mbele ya mgeni. Nilifumua mvua yote, tone kwa tone, nikapiga mstari kwa rula na penseli, nikaanza kudarizi upya jinsi Mwalimu Kobelo anavyotaka: MVUA INANYESHA, herufi kubwa, askari watupu. Lakini ule uzi nilikuwa nimeukatakata kwa wembe, na vipande vilivyofaa havikutosha. Vikaniishia katikati ya neno. Foronya ya mama yangu ikasomeka, kwa herufi nadhifu sana: MVUA INANYE.

Mama alirudi jioni. Akaifungua, akaisoma. Nilingoja fimbo.

"Uzi uliishia hapa?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

Akaikunja, akaenda jikoni. Hakunipiga wala hakunisema. Ila jioni hiyo hakutandika mkeka. Watoto walikuja wakasimama mlangoni, wakaondoka. Kesho yake vilevile: alitwanga, alipika, aliniita nikale, lakini landrova haikupanda, kuku hawakugombana, hata ule mluzi mdogo aliokuwa nao wakati wa kupuliza moto sikuusikia. Nilifahamu nilichofanya. Nilikwenda kumwangukia pale jikoni, nikilia hadi kamasi.

"Nisamehe, Mama. Nitakununulia uzi."

Alinifuta uso kwa kanga yake. Akaileta foronya, akaushika mkono wangu na kuvipitisha vidole vyangu juu ya kitambaa, kutoka juu kwenda chini. Palikuwa na vitundu. Kila mahali sindano yake ilipopita palikuwa na kitundu.

"Soma," akasema.

Nikasoma kwa vidole. Mm. Vv. U. A.

"Unaona? Ilishanyesha hiyo. Huwezi kuirudisha juu."

Siku ya mkaguzi tulijazana madirishani. Alikuwa kijana, amevaa suti ya Kaunda, na makaratasi yake ameyakumbatia kama mtoto mchanga. Mama alisoma kitabuni bila kosa, kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha akaulizwa alichoandika, akaikunjua foronya vilevile ilivyokuwa, akaiinua ili darasa zima lione.

Mwanamke mmoja wa nyuma akaguna, wa pembeni yake akaziba pua, na darasa zima likaanguka vicheko, wanawake wazima wakipigana migongo, machozi yanawatoka. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu Kobelo alikuwa amejifunika uso kwa rejista. Lakini yule kijana alikuwa anawatazama wanawake, na tabasamu linamjia taratibu.

"Mwalimu," akasema, "nani amewasomea neno hilo?"

"Hakuna, Bwana Mkaguzi."

"Basi mbona wote wanacheka?" Akawageukia. "Kina mama, nyote mmelisoma, tena kwa mara moja. Mimi nina mtihani gani tena wa kuwapa?"

Palipigwa vigelegele vilivyosikika hadi barabarani. Vilipotulia, Mama alikuwa bado amesimama.

"Hayo ni maandishi ya mwanangu," alisema. "Yangu ni haya." Akaisogeza foronya dirishani, na jua la alasiri likapenya kwenye vitundu. Akafumba mdomo akaanza: mmmm. Sauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia, kwa kuwa uzi haukuwepo, palikuwa na nafasi zake tu. Wale wanawake waliokuwa wanacheka wakaingia mmoja mmoja, vvvv, kisha vidole vikaanza kugonga madawati, na sisi wa madirishani tukashika u-a, u-a bila kuambiwa. Mama alipoinua kiganja, nilisikia matone. Nilimwona mkaguzi akitazama darini.

"Mama," alisema baadaye, akihangaika na kalamu, "hili sijui nilipe alama gani."

"Usilipe alama, baba. Lisikilize tu."

Alipata cheti kama wenzake. Kuhusu foronya hakuna kilichoandikwa popote. Lakini muhula uliofuata Mwalimu Kobelo, yule wa askari, alikuja nyumbani kwetu jioni, akavua kofia, akamwomba Mama awe anakuja darasa la kwanza kufundisha watoto sauti ya m. Akaja kwa miaka mingi.

Aliendelea kudarizi. Alitengeneza "njia" inayopanda kwa kona, herufi zikipungua ukubwa hadi zinapotelea kileleni. Alitengeneza "nanasi" lenye macho ya herufi n. Wapo waliosema amechanganyikiwa, na wapo mabibi harusi waliokataa kuolewa bila foronya yake. Moja hakumpa mtu. Ni kitambaa cheupe chenye herufi A moja tu katikati, kwa uzi mweupe, ya mdogo wangu Asha aliyeishi siku arobaini. Ukimwomba akusomee, alivuta pumzi ndani, basi.

Miaka michache iliyopita nilimpeleka kwake binti mmoja msomi wa chuo kikuu. Alishika vile vitambaa kwa mikono miwili, akatueleza kwamba duniani wapo washairi wanaotunga hivi, mashairi ya kutazamwa na mashairi ya sauti tupu, na kwamba huitwa ushairi wa majaribio.

"Majaribio," Mama akarudia, akilionja neno. "Na hao wenzangu, watoto wao nao waliwafumulia?"

Akacheka, akanipiga kofi gotini.

Siku hizi nafundisha darasa la kwanza mjini Morogoro, na nyumbani nina vijana wenye simu. Wananiandikia "xaxa mama" na "cjui", irabu wamezila, na nikiwauliza zimekwenda wapi wananiambia hawana muda. Siwalaumu sana, mimi ni wa mwisho kumtupia mtu jiwe kwa kuharibu maandishi. Ila nawahurumia. Wao maneno yanawajia mengi, yote ya ukubwa mmoja, yanapita. Sisi tulikuwa nayo machache, na jioni nzima ya kulikalia moja. Mkeka ule haupo tena, na watoto wa Kinole wa leo jioni wako kwenye kibanda cha video. Namshukuru Mungu kwa mama niliyepewa, na kwamba alinisamehe mapema, nikapata miaka mingi ya kumsikiliza.

Macho yake sasa hayaoni tundu la sindano. Masikio ni mazima. Kila mwisho wa mwezi napanda kwenda kumwona, na kabla sijafika uani yeye, akiwa barazani, ameshanisikia. Ana shairi jipya: Mwajuma anapanda kilima. Ndala zinaburuta, goti la kushoto linalia, pumzi inapiga filimbi, kisha nasimama kujifanya natazama mandhari. Kila kitu kipo, hata ule mguno wangu wa mwisho. Huwa nasubiri kwenye migomba nimsikilize hadi amalize, ndipo najitokeza kumwambia shikamoo.