Bondia wa Redio na Bondia wa Simu

Uani kwetu Ilemela kuna mawe mawili makubwa ambayo hakuna aliyewahi kufikiria kuyaondoa. Nyumba ndiyo iliyosogezwa ili iyapishe. Kila Jumapili baada ya misa baba alikaa kwenye jiwe la kushoto, na jirani yetu, karani mstaafu kutoka Bukoba, kwenye la kulia. Hapo waliwapiganisha watu ambao hawajawahi kukutana.

Watu hao wawili walikuwa mabondia wa uzito wa juu. Wa baba alikuwa bingwa wa zamani, aliyemsikia redioni enzi za ujana wake, akifanya kazi kiwandani Nyakato. Kumsikia tu, kumwona, hapana. Wa karani ni wa siku hizi, jitu refu analolitazama kwenye simu mpaka chaji inaisha. Swali lilikuwa lile lile: wangekutana, kila mmoja akiwa kwenye ubora wake, nani angelala chini?

Utasema shauri kama hilo halina mwamuzi. Baba alimpata. Kwao Usukumani vikundi viwili vya ngoma hucheza siku moja, uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Basi hata kwetu ikawa hivyo. Wazee walizungumza kwa wakati mmoja, kila mtu akimpigania bondia wake, nasi tulisimama katikati: wapangaji, majirani, mama anayeuza dagaa. Aliyekuvuta, unamfuata. Sufuria ikigongwa, tunahesabiwa.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na swali lile lilininyima raha kwa sababu nilitaka kujua kweli. Nilidhani namba zitalimaliza: urefu wa mikono, uzito, kimo. Halafu nikakwama mahali pengine kabisa. Nani amfuate mwenzake? Huyu wa sasa akirudi enzi zile, itambidi apigane raundi kumi na tano, si kumi na mbili alizozoea. Yule wa zamani akija huku, tumpe kwanza miaka miwili ya daktari na chakula cha kupimwa, au tumtupe ulingoni kama alivyo? Na tukimlisha hivyo, bado ni yeye? Nilimuuliza baba.

"Mayu," aliniambia, kwa jina ambalo Wasukuma humwitia mama, na hata binti, "mgeni hapangi muda wa kula."

Nikamwambia hilo si jibu. Akacheka.

Siku zote nilisimama upande wa karani. Yule wa sasa anamzidi mwenzake kichwa kizima, na uzito wa debe la mahindi juu yake. Kuna siku nilimtafutia baba video ya bingwa wake. Aliitazama muda mrefu, kisha akanirudishia simu. "Huyu mwembamba," alisema. "Wangu alikuwa mkubwa kuliko huyu." Jumapili iliyofuata alimpigania yule yule wa redioni, akiigiza mtangazaji, kengele na kelele za watu, na nusu ya uwanja ikamfuata. Sikujua nimkasirikie au nimpigie makofi.

Kisha kiharusi kikampiga. Aliporudi kutoka hospitali mkono wa kulia ulikuwa umelala na maneno yalitoka moja moja. Karani alikuja kumjulia hali, akazungumza habari za mvua na bei ya ndizi. Mabondia hakuwagusa. Sote tulianza kumsemesha baba kwa sauti ya chini. Umekula? Umekunywa dawa? Hata watoto wa mpangaji walimpa shikamoo kwa kunong'ona.

Jumapili moja akasema, "Leo... tuwapiganishe."

Nilikataa. Niliogopa, na naogopa hata sasa nikikumbuka: kwamba maneno yatamkwama, watu watahamia kwa karani, naye atabaki peke yake kwenye jiwe mbele ya macho yangu.

"Baba, utaaibika," nilimwambia wazi.

"Mimi... au wewe?"

Karani alipofika alinitazama, nikamtikisia kichwa. Baba akatuona. "Usimwangalie huyo," alimwambia. "Kaa... kwenye jiwe lako."

Karani alianza kwa upole, kama anayesoma tangazo la msiba. Baba akagonga fimbo chini. "Piga!" Hapo yule mzee wa Bukoba akajiachia, na sote tunajua Mhaya akijiachia maneno hayamwishii. Upande wa pili nilisikia, "Raundi... ya kwanza." Kisha maneno yakamkwama. Watu wakaanza kwenda kulia, mmoja mmoja, wakitazama chini. Kwa baba walibaki wawili, mama wa dagaa na mpangaji mmoja. Moyo uliniuma, nikavuka kwenda kwa baba.

Akanitazama. "Unatafuta... nini huku?"

"Nimevutika, baba."

"Kwa lipi?"

Hakuwa amemaliza hata raundi moja.

"Rudi," alisema. "Huku... hakuna mgonjwa."

Nilirudi mbele ya watu wote, uso ukiniwaka. Nilikuwa nimempa baba yangu kura kama ninavyompa uji.

Yeye akaacha kutangaza. Akainua mkono wa kushoto, ule mzima, na kuanza kurusha ngumi fupi fupi hewani, neno moja kwa kila ngumi: "Jicho. Jicho. Pua. Jicho." Kwa mara ya kwanza nilimwona yule bondia wa redio. Hakuwa mkubwa kuliko wa kwenye video. Alikuwa mwepesi tu, na jitu la karani lilikuwa refu mno kumwinamia. Vijana wawili walivuka. Mguu wangu uliinuka wenyewe, si kwa huruma safari hii, lakini sikuthubutu. Sufuria ikagongwa.

Nane kwa nne. Karani akasimama akijipiga kifua. "Mzee mwenzangu, leo nimekuchakaza!"

Sote tukamtazama baba. Baba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Umenipiga," alisema, kisha akanigeukia. "Uji... sitaki. Nipe sato."

Nilimpa samaki mzima, na kichwa chake. Alichambua miiba kwa mkono wa kushoto, polepole, nami nikakalia mikono yangu nisimsaidie.

"Bado uko... kwa yule mrefu?" aliniuliza.

"Bado, baba. Ila ulibakiza kidogo."

Akaacha kutafuna. "Kidogo... kiasi gani?"

"Hatua moja."