Mwaka Aliolala Limi

Usingizi ulianza kumjia Limi kwenye kinu. Alikuwa akitwanga mtama, mchi juu, mchi chini, na kati ya pigo moja na jingine akajikuta ng'ambo ya mto uliojaa mayungiyungi, marehemu mama yake akimpungia mkono. Alipozinduka, mchi ulikuwa umelala mchangani na wifi yake Mageni amesimama mbele yake, mtoto wa Limi kambeba kiunoni.

"Wee Limi, umelala umesimama kama korongo!" Mageni alisema, akacheka.

Limi naye alicheka. Siku zile bado lilikuwa jambo la kuchekesha.

Walikaa Nyamhela, kijiji cha nyumba chache ndani ya pori la miyombo, magharibi mwa Kahama. Ng'ombe hawakuishi pale kwa sababu ya mbung'o, lakini asali ilikuwa tele, na Bujiku, mumewe Limi, alitundika mizinga yake hadi kule ambako wenzake waliogopa kufika. Mtoto wao Kabula alikuwa bado ananyonya. Mageni, dada yake Bujiku, alikuwa amerudi kwao baada ya kufiwa na mume. Yeye hakujaliwa mtoto.

Basi kichwa kikaanza kumgonga Limi. Vifundo vikamtoka shingoni. Akawa analala na tonge mkononi, analala akisuka mkeka, analala mtoto akiwa kifuani, hata maziwa yakakauka. Mganga alisema ni mama yake anayemtaka. Wakachinja mbuzi mweupe, wakamwaga damu mlangoni. Usingizi haukusikia.

Jambo ambalo Limi hakuweza kulieleza baadaye ni kwamba hakuogopa. Kule alikokwenda kulikuwa kuzuri. Miti ilimpisha njia. Nyuki walimpitia usoni kama moshi wenye joto, na mto ule wa mayungiyungi ulimwita kwa sauti ndogo, ya upole, kama ya mtu asiye na haraka. Kila siku alikaribia ukingo kidogo zaidi. Kelele za nyumbani zilimfikia kwa mbali, na za mtoto wake pia.

Ndipo mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, akaleta neno la mtemi na serikali: ugonjwa huu ni malale, unaletwa na mbung'o, na umekwisha kula vijiji vizima upande wa magharibi. Watu wote wa porini watahama. Watakaa pamoja mahali papya, karibu na visima, na msitu utafyekwa pande zote ili mbung'o akose kivuli. Kabla ya safari, kila mtu atapimwa na dresa, tabibu msaidizi wa serikali.

Jioni ile Bujiku aliketi mlangoni na dada yake. Limi alikuwa amelala ndani, nao wakidhani hasikii.

"Mizinga yangu itahama na mimi?" Bujiku aliuliza. "Halafu wamchome mke wangu sindano afie mikononi mwao? Simpeleki. Jirani yetu Maige na watu wake wamekataa kuhama, wanaingia porini kesho. Nitamficha Limi kwenye kibanda changu cha asali."

"Na Kabula?"

"Kabula utabaki naye wewe."

Mageni alimkumbatia mtoto.

Maneno yale yalimshukia Limi huko chini alikokuwa, kama jiwe lililoangushwa majini. Mto ukatikisika. Utabaki naye wewe. Akayashikilia ili usingizi usimnyang'anye, akayashikilia mpaka kulipopambazuka, kisha akainuka peke yake, akatoka akipepesuka.

Dresa alikuwa amekwisha weka meza yake mbele ya nyumba ya mwanangwa. Jina lake Nassibu, mtu mzima wa Kahama mjini, amekunja mikono ya kanzu hadi kwenye viwiko. Watu walipomwona Limi walimpisha.

"Mwangaluka, baba," alisema.

"Mwangaluka, mayu. Nani amekuleta?"

"Nimekuja mwenyewe. Nishike shingo kabla sijalala tena."

Nassibu alimpapasa shingo, akamtoboa kidole, akaitazama damu kwenye hadubini. Alikuwa bado ameinama pale Bujiku alipofika mbio, shoka begani.

"Mwache mke wangu!"

Nassibu aliinua uso taratibu. "Ndugu yangu, anayo malale. Siwezi kukuahidi kwamba atapona. Wengine wanapona. Wengine dawa inawachukua macho. Lakini ukimwondoa hapa, mwisho wake naujua."

Bujiku alimtazama mkewe. Limi alikuwa amekwisha lala, shavu juu ya meza, kama mtoto aliyechoka kwa michezo. Kisha Bujiku akaenda na lile shoka lake kukata miti ya machela.

Safari ile Limi aliiona vipande vipande. Anga likiyumba juu yake. Migongo ya watu, kuku vichwani, vinu, mikeka. Nyuma yao nyumba za Nyamhela zilikuwa zinaungua, kwa amri ya mwanangwa, mtu asije akarudi. Moto ule aliuona kama maua makubwa mekundu yaliyochanua mara moja, akashangaa kwa nini Bujiku analia.

Baada ya hapo zilifuata sindano, wiki baada ya wiki, na mto ule ukawa unarudi nyuma. Siku moja aliamka akasikia njaa. Alikuwa kwenye nyumba asiyoijua. Nje, vibanda vilijipanga kwenye uwanda mweupe usio na mti hata mmoja, na jicho lake la kushoto liliona kila kitu kama kupitia ukungu. Mtoto wa kike alikuwa anacheza vumbini. Anatembea. Anasema.

"Kabula!" Limi aliita.

Mtoto alimtazama, akakimbia. "Mayu!" alilia, akimwita shangazi yake mama, akajificha kwenye nguo ya Mageni.

Miezi mingi ilipita hivyo. Limi alipika uji, mtoto akaunywa kwa mkono wa shangazi. Limi hakumlaumu mtu, ila kuna mchana alitamani mto wake. Mageni naye hakumtazama usoni.

Siku moja ya jua kali Mageni alikwenda kisimani, akamwachia mtoto. Kabula akasinzia juu ya mkeka. Limi aliona kile kichwa kinaanguka taratibu. Alimnyakua mtoto, akampapasa shingo, akamtikisa huku anapiga kelele: "Usilale! Kabula, usilale!"

Mageni alitupa mtungi, akaja mbio. Alipoelewa, alimshika Limi mabega.

"Watoto hulala mchana, Limi. Tazama, mzima. Amechoka tu."

Limi alilia mpaka akaishiwa machozi. Mageni akaketi kando yake.

"Sikumchukua mwanao," alisema. "Nilimshikia. Sasa sijui nimwachieje."

"Usimwachie," Limi alijibu. "Tumshike wote."

Maige na watu wake hawakuonekana tena. Bujiku alipoteza mizinga yake yote. Kila kiangazi alifyeka msitu pamoja na wenzake, na kila kiangazi alinung'unika kwamba serikali imemwokoa mkewe na kumfanya yeye mkulima wa karanga, tena mkulima mbaya. Wapimaji walirudi mara kwa mara. Kabula hakuonekana na ugonjwa.

Msimu mmoja wa mvua, Limi na Mageni walikuwa wakipanda, kila mmoja na jembe lake. Kabula alikuwa kwenye dimbwi pembezoni mwa shamba.

"Mayu!" aliita.

"Naam," waliitika wote wawili kwa pamoja, wakainua vichwa, wakatazamana.

Mtoto alipopata majibu mawili alisahau alichokuwa anataka, akarudi kwenye tope lake.