Nilipokataa Kuanguka Wang'uru

Nakumbuka Jumapili moja huko Wang'uru, saa kumi alasiri, nimekalia kifua cha mwanamume mwenzangu, refa amekwisha kuhesabu tatu, na uwanja mzima umenyamaza kimya. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Niliinua mikono juu nikidhani sasa nimekuwa mtu. Mjukuu wangu, nitakueleza nilichokifanya siku ile bila kuficha, maana nimezeeka na aibu yenyewe imezeeka pamoja nami.

Lakini kwanza ujue tulikuwa nani. Nyinyi mnatazama mieleka ya ng'ambo kwenye simu, mmelala kitandani na viatu, mkidhani mchezo huo ulizaliwa huko. Miaka ya tisini sisi tulikuwa na mieleka yetu huku mlimani. Kila mji ulikuwa na kikundi chake na bingwa wake. Karatina walikuwa na muuza viazi aliyeingia ulingoni na gunia zima begani. Kiganjo walikuwa na mwalimu wa shule ya msingi, mpole kabisa darasani, ambaye Jumapili baada ya ibada alivaa kinyago cheusi akatukana watu. Wang'uru walikuwa na Muriithi, mkulima wa mpunga, aliyeitwa Kiboko wa Thiba kwa ajili ya mto unaopita karibu na mashamba yao. Na Nyeri walikuwa na mimi, Wachira, Radi ya Nyeri. Usicheke. Nilipopita sokoni, akina mama waliacha wateja wao wakasimama kunitazama.

Ulingo tuliutengeneza wenyewe. Nguzo nne, kamba za katani tulizozivika mpira wa ndani wa tairi, na sakafu ya magunia yaliyoshindiliwa na kufunikwa turubai. Nyeri tulijaza magunia vumbi la mbao, kwa sababu kiongozi wetu, Mzee Ndegwa, alikuwa seremala. Wang'uru walijaza maganda ya mpunga. Ungenifunga macho, ningekwambia tuko mji gani kwa kusikia tu mtu akianguka. Hatukuwa na taa za rangi wala moshi, na bado watu walitoka mashambani kwa miguu kuja kutuona.

Tulikuwa na sheria moja kubwa, na hiyo ndiyo iliyobeba kila kitu. Bingwa haangushwi kwao. Mgeni ndiye anayeanguka. Mwezi huu mimi naanguka Wang'uru, mwezi ujao Muriithi anaanguka Nyeri, na kila mji unabaki na mtu wake wa kujivunia. Najua utaniuliza, kwa hivyo mlikuwa mkidanganya watu? Ala! Mgongo huu unaoniuma kila mvua ikikaribia, huo nao ni uongo? Mwisho tuliupanga, naam, lakini magunia yale yalikuwa magumu kweli, na kila mtu aliyekuja alipata alichokifuata.

Mzee Ndegwa alinifundisha kuanguka kwa miezi minne kabla ya kuniruhusu kumshika mtu. Nilipolalamika, alinijibu bila kuinua macho kwenye randa yake, "Kuangusha mtu hata ng'ombe inaweza. Wewe jifunze kuanguka." Kisha akanifundisha ishara. Kabla ya kumwinua mwenzako, unambana mkono mara mbili, unangoja naye akubane mara mbili. Hapo amekwambia kwamba yuko tayari na shingo yake iko kwako. Asipokubana, humwinui, hata watu wapige kelele namna gani.

Na kulikuwa na jambo lingine ambalo watazamaji hawakulijua. Mbele ya watu mimi na Muriithi tulikuwa maadui wakubwa, tusioweza hata kusalimiana barabarani. Lakini siku ya pambano mgeni alikula nyumbani kwa mwenyeji. Nilipita nyuma, kando ya zizi la ng'ombe, nikaingia jikoni kwa mama yake Muriithi, ambaye nilimwita Maitu kama mwanawe alivyomwita. Alinipakulia wali wa pishori na maharagwe, akanikemea nikiacha hata punje moja. Tukimaliza, mimi na mwanawe tulitoka kwa njia mbalimbali tukaenda kutukanana uwanjani.

Sasa, mwaka ule nilikuwa namchumbia Wanjiku, nyanya yenu. Alikuwa na kaka wawili, na yule mkubwa, Kariuki, alikuwa na mdomo. Alikuwa ameniona nikianguka Karatina, akaniona nikianguka Kiganjo. Mbele ya baba yake akasema, "Ati Radi! Hiyo radi yenu inapiga hapa nyumbani tu. Ikivuka mto Sagana inazima." Watu wakacheka, na Wanjiku akainamisha kichwa. Mwanangu, maneno hayo yaliniingia vibaya. Sikuweza kumweleza sheria yetu, maana ilikuwa siri ya kazi, na kiburi changu hakikuweza kunyamaza.

Jumapili hiyo Kariuki na ndugu yake walikuja Wang'uru, wakaketi safu ya pili. Nilikuwa nimekula kwa Maitu asubuhi kama kawaida. Pambano lilikwenda vizuri hadi katikati, mahali ambapo mimi nilipaswa kumwinua Muriithi na kumlaza chini kwa mgongo, yeye ainuke kwa hasira, kisha aninyanyue mimi na kumaliza kazi. Nilimbana mkono mara mbili. Akanibana mara mbili. Nikamwinua, nikamwona Kariuki pale chini anatabasamu, na badala ya kumlaza Muriithi nikambwaga akaangukia bega, nikamkalia, nikambana kabisa.

"Wachira," akaninong'oneza, "bega. Bega yangu."

"Kaa chini," nikamwambia.

Refa naye alinisihi kwa sauti ya chini nimwachilie. Lakini watu walikuwa wakitazama, na mabega yote mawili ya Muriithi yalikuwa yamegusa turubai. Akahesabu tatu. Kimya kilichofuata ndicho nilichokwambia.

Kisha Maitu akainuka kutoka safu ya mbele. Akaja hadi kwenye kamba, akanitikisia ngumi akipiga kelele watu wote wasikie: "Mwizi wewe! Toka kwetu! Rudi Nyeri na wizi yako!" Watu wakampokea, uwanja ukalipuka. Katikati ya kelele hizo akainama karibu na sikio langu, na kwa sauti ile ile aliyokuwa nayo akinipakulia chakula akasema, "Na leo umekula kwangu." Basi akaenda kumfuta mwanawe uso. Hata siku ile, mwanawe akiwa amelala pale na bega limeumia, mama yule aliilinda siri yetu. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimeiuza.

Tulirudi kwa lori la mbao la Mzee Ndegwa. Kariuki alikuwa nyuma anaimba jina langu. Tulipofika Sagana, mzee alisimamisha gari, akanishusha, tukatembea hadi ukingoni mwa mto. Nilidhani atanipiga. Heri angenipiga.

"Leo umeshinda nani?" akaniuliza.

"Muriithi."

"Hapana. Muriithi hukupigana na yeye. Alikupatia mwili yake uishike, ukaivunja. Hiyo si kushinda. Mtoto akikupatia kikombe ushike, ukiangusha, utasema umeshinda kikombe?" Akageuka kurudi garini. "Hutaingia ulingo yangu tena mpaka Muriithi mwenyewe akuite. Na mimi sitamwomba."

Nilimwona mzee mwenye wivu. Nilikaa nyumbani wiki tatu nimenuna, nikijiambia kwamba Nyeri bila mimi haiwezi. Hadi Jumapili yule muuza viazi wa Karatina alipokuja kwetu. Nilienda kutazama, nimesimama nyuma. Kijana wetu alimbana mkono, yule bwana hakujibu. Akambana tena, hakujibu. Habari ilikuwa imefika kila mji kwamba watu wa Nyeri hawaaminiki na shingo ya mtu. Wanaume wawili wazima wakawa wanazungukana tu kama majogoo wenye baridi, na watu wakaanza kuondoka. Mzee Ndegwa alisimama kwenye kona akitazama viti vikibaki tupu, viti alivyovipanga kwa mikono yake mwenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimetaka kumnyamazisha mtu mmoja mwenye mdomo, nikaharibu kazi ya miji mizima.

Jumatatu nikaenda Wang'uru. Wakati ule walikuwa wakipandikiza mpunga. Nilimkuta Muriithi ameketi kwenye ukingo wa mfereji, mkono umefungwa kwa leso, na Maitu ameinama matopeni anafanya kazi ya watu wawili. Niliwasalimu, hawakuitikia. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia.

Mwanangu, sisi watu wa chai na kahawa hatujui matope yale. Nilizama hadi magotini. Nilipanda miche kombo, Maitu akaing'oa yote akanirudishia mkononi. Siku ya pili ruba walining'ang'ania miguuni, nikapiga yowe. Siku ya tatu majirani walijua, wakaanza kujipanga kando ya mfereji kumtazama Radi ya Nyeri akizama. Maitu akawatangazia, "Kiboko amemkamata, sasa anamlimisha deni!" Walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi nilicheka nao, na ndipo Maitu akanipa chakula kwa mara ya kwanza wiki ile.

Siku ya tano Muriithi akaniita pale ukingoni.

"Mwezi ujao utakuja," akasema. "Na ukuje na hao mashemeji yako."

"Bega itaweza?"

"Haitaweza. Wewe ndio utaweza."

Nilielewa. Katika mieleka yetu anayeinuliwa ndiye anayefanya nusu ya kazi. Anaruka kwa wakati wake, anajibeba, na mtazamaji anadhani ni nguvu za yule mwingine. Muriithi alikuwa akiniambia kwamba bega lake halijapona vizuri, na kwamba heshima yake yote mbele ya watu wake ataiweka mikononi mwangu kwa mara nyingine. Hakuna aliyewahi kuniamini hivyo, na mimi ndiye niliyemuumiza.

Siku hiyo Wang'uru haikuwa na nafasi ya kuweka mguu. Wengine walikuwa juu ya matrekta. Kariuki alikuwa safu ya mbele, ananiambia nimmalize. Tulipigana kwa muda mrefu, nikimlinda bega lile kila hatua, nikijigonga mwenyewe mahali ambapo yeye hangeweza kunigonga. Mwisho ulipofika akanibana mkono mara mbili. Nikambana mara mbili. Nikaruka, mwanangu. Niliruka kwa nguvu zote nilizowahi kuwa nazo, nikajibeba hewani juu ya bega lile bovu kiasi kwamba halikubeba chochote, na watu wakamwona Kiboko wao amenyanyua Radi ya Nyeri juu kabisa kama debe tupu. Kisha nikaanguka. Nilianguka kwa mgongo wote, mikono imefunguka, maganda ya mpunga yakalia chini yangu na vumbi likatoka pande zote za turubai. Moja. Mbili. Tatu.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Wazee walikumbatiana. Maitu alinitukana matusi ambayo siwezi kuyasema hapa, huku machozi yanamtoka. Kariuki alisimama akapiga kelele, "Nilisema! Nilisema inazima!" na mimi, nimelala pale chini, nilijizuia nisicheke. Muriithi aliinua mkono wake mzima juu kwa ajili ya watu. Bila kunitazama, midomo haijafunguka vizuri, akaniambia, "Karatina watakuja kwenu Jumapili. Nimewaambia wewe ni mtu mzuri."

Nimeshinda mapambano mengi nyumbani, mwanangu. Nilibebwa mabegani kutoka ukumbi wetu wa mieleka hadi kwenye mnara wa mjini. Lakini nikiulizwa leo ni siku gani nilijivunia kuwa mwanamieleka, nitataja ile niliyoshindwa Wang'uru. Tulizunguka miji ile miaka mingine minne. Kisha televisheni zikaingia kwenye hoteli za chai, watu wakaanza kutazama majitu ya mbali ambayo hayatawahi kula jikoni kwa mama ya mtu yeyote, na ukumbi wetu ukawa duka la saruji. Sina uchungu sana. Tulikuwepo, na tulikuwa hodari.

Basi sikia ninachokwambia. Katika kazi yako, katika ndoa yako, popote utakapokuwa, watu watakuachia kitu chao ukishike: jina, siri, mtoto, afya yao. Usije ukakitumia kumwonyesha mtu wa pembeni kwamba wewe ni mkubwa. Yule wa pembeni atasahau kufikia jioni. Na ukikosea, maana utakosea, usitume mtu akuombee msamaha. Nenda mwenyewe, ingia matopeni, uchekwe, ungoje uitwe. Mwenzako akiwa na bega bovu, ruka wewe, na usiwaambie watu kwamba uliruka. Mimi nimekaa na jambo hili miaka hii yote, na nakwambia leo kwa sababu Muriithi amelala kaburini na hakuna anayeweza kumpunguzia sifa yake.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mgongo wenye nguvu na mikono inayoaminika. Akupe marafiki watakaokurudia hata baada ya kuwakosea. Akupe kushinda kwenu mara nyingi, watu wako wakuone na wafurahi. Na zamu yako ya kuanguka ikifika, uanguke kama mtu wa Nyeri.